Siku Fundi Kigoda Alipopanda Maporomokoni

Mtaa mzima hakuna aliyewahi kumwona Fundi Kigoda amesimama kwa zaidi ya dakika tano. Alikuwa na jina zuri alilopewa na wazazi wake, lakini jina hilo lilibaki kwenye cheti cha ndoa na bili ya umeme. Kwa watu alikuwa Kigoda, kwa sababu ya kile kigoda cha mbao alichokikalia kuanzia asubuhi hadi jioni kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, mlango wazi kuelekea barabarani, viatu vya watu vimemzunguka kama kuku wanaongoja kutupiwa mtama.

Alikuwa fundi viatu, na si wale wa kubandika gundi na kumwachia Mungu. Kiatu kikipita mikononi mwake kilirudi kwa mwenyewe na umri mpya. Uzi wake aliupaka nta mwenyewe, na soli aliyoishona yeye ungeweza kuifunga kwenye trekta. Ulimi nao alikuwa nao. Mteja akileta kiatu kilichooza, Fundi alikigeuza, akakitazama, kisha akauliza kwa upole, "Tukitibu au tukizike?"

Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia kwa upana wa vidole vitatu. Hakuzaliwa hivyo. Akiwa na miaka kumi na tisa, kibarua wa kupakia mbao kwenye malori, rundo la mbao liliteleza likamvunja paja. Mfupa ukaunga vibaya, na tangu hapo akawa mtu wa kuchechemea. Hakulilia lililopita. Alijifunza kazi inayofanywa kwa kukaa, akaimudu, akaoa, akalea mabinti wawili ambao sasa wana nyumba zao. Ila mambo mawili hakuyafanya kamwe: hakuvaa kaptura mbele za watu, na hakwenda popote palipohitaji kupanda.

Sasa mji wenyewe ulikuwa chini ya mlima, na huko mlimani kulikuwa na maporomoko ya maji. Njia haikuwa ndefu. Kutoka geti la msitu hadi kwenye maji ni mwendo wa dakika arobaini na tano, watoto wa shule hupanda huku wakiimba. Siku za mapumziko watu walikuja kutoka mbali kuyatazama, na yule ambaye soli yake iliachama kabla hajaanza safari alielekezwa kwa Fundi Kigoda. Kwa hiyo maporomoko aliyajua kwa viatu. Aliyajua matope mekundu ya mwanzo wa njia, na ule utelezi wa kijani wa kwenye mawe ya juu. Miaka thelathini aliwasikiliza wenye viatu wakisimulia, hata mgeni akimuuliza njia, alimpa kona kwa kona: "Ukivuka daraja la mbao, shika kulia. Mbele kidogo kuna jiwe jeusi. Usilikanyage, lina roho mbaya." Wageni waliamini amepanda mara mia. Yeye hakukubali wala hakukana.

Mkewe aliitwa Mwalimu, na hata yeye mumewe alimwita hivyo. Alifundisha darasa la tatu kwenye shule ya msingi ya mtaa wa pili. Kila mwaka shule ilipeleka wanafunzi maporomokoni, na Mwalimu alikuwa miongoni mwa wasimamizi. Akirudi jioni, Fundi humuuliza, "Maji yakoje mwaka huu?" Naye hujibu, "Mengi." Basi, hapaongezwi neno. Fundi alidhani mkewe anafupisha kwa kumhurumia, akamshukuru kimoyomoyo, akarudi kwenye nyundo yake.

Hivyo ndivyo walivyoishi hadi siku Mwalimu alipostaafu. Wenzake walimwandalia hafla ndogo ndani ya darasa lake, madawati yamesukumwa ukutani, keki mezani, ubao umeandikwa "Kwaheri Mwalimu Wetu" kwa chaki ya rangi tatu. Fundi aliketishwa mbele kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yamekaribia kidevu. Mwalimu wa hesabu, bwana mnene mwenye sauti ya mnadani, akasimama kutoa sifa.

"Huyu mwenzetu," alisema, "miaka ishirini na sita tumekwenda naye maporomokoni, na miaka ishirini na sita amebaki getini akilinda mabegi. Tukimwambia twende, anasema, 'Tangulieni, mimi nina mtu wangu wa kupanda naye.' Tukafikiri anangoja malaika." Watu wakacheka. "Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Huyu ndiye pekee niliyemwona akiufuata usemi huo neno kwa neno."

Fundi alicheka kwa kuwa kila mtu alikuwa akicheka. Kisha akaihesabu ile miaka ishirini na sita. Akamtazama mkewe. Mwalimu alikuwa akikata keki vipande vinavyolingana, kwa makini kupita kiasi, bila kuinua macho.

Hafla ilipokwisha walirudi nyumbani. Walipofika, Mwalimu alivua viatu, akayaweka kwenye jagi maua aliyopewa. Fundi akabaki ameegemea mlango.

"Mwalimu."

"Abee."

"Yale maji hujawahi kuyaona?"

"Nimeyasikia. Upepo ukivuma upande wetu yanasikika mpaka getini."

"Na miaka yote unaniambia mengi."

"Kwani ni machache?" Akayapanga upya maua yaliyokuwa yamekwisha kupangika. "Mume wangu, mimi sikuteseka. Kale kabenchi ka getini kana kivuli kizuri, nimesahihishia madaftari mengi pale. Habari za maporomoko hapa nyumbani hazijatupungukia, wateja wako wanazileta kila siku. Nikaona hiyo ya kwetu sisi wawili tuiache kwanza."

 Fundi alikwenda chumba cha mbele, akakaa, akachukua kiatu cha mtu, akakirudisha chini. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka thelathini na tisa: alichukua rula, akapima mguu wake mwenyewe.

Mganga hajigangi. Mtu aliyewainulia visigino mabibi harusi wafupi mpaka wakawa sawa na waume zao hakuwahi kujiinulia hata unene wa kadibodi. Sababu yake aliijua mwenyewe. Kuchechemea, watu hukuzoea, baada ya mwezi hawakuoni tena. Lakini kiatu chenye soli nene upande mmoja ni kama kupiga mbiu ya mgambo. Kila mgeni angekitazama kiatu kwanza, kisha uso.

Cha kwanza alikitengeneza kwa pupa, kipande kizito cha tairi kuanzia kisigino hadi ncha. Kilikuwa tofali. Alipokijaribu uani, kilijikwaa penye tambarare, akaenda kukumbatia kamba ya kuanikia nguo pamoja na mashuka yake. Dada yake, ambaye nyumba yake ilipakana na yao, aliyaona yote kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Kaka, hicho ni kiatu au nanga?"

"Ni kiatu. Kinajifunza."

"Wifi kaniambia mnataka kupanda mlima. Basi ukianguka huko usiniite nikubebe, mgongo wangu nimeuweka akiba ya uzeeni." Alisema hivyo, lakini kesho yake alileta mfuko wa kandambili zilizochakaa, amezikusanya nyumba hadi nyumba, maana alisikia kaka yake akilalamika kwamba tairi ni zito.

Hizo kandambili ndizo zilizookoa kazi. Fundi aligundua kosa lake: mguu haugongwi chini kama muhuri, mguu hubingirika, kisigino kikitangulia na vidole vikimalizia. Kwa hiyo kisigino alikipa unene wote, kisha akaipunguza soli kidogo kidogo kuelekea mbele, na ncha akaipinda juu. Ndani alipanga tabaka za kandambili, nyepesi na laini, akazibana kwa gundi, akazishona pembeni. Chini kabisa akaweka ngozi nyembamba ya tairi yenye meno. Shingo ya kiatu akaipandisha juu ya kifundo ili mguu usicheze. Kazi hiyo aliifanya asubuhi, kabla hajafungua mlango wa wateja, kwa wiki tatu.

Cha pili kilikuwa kizuri kwa macho, lakini nyonga ya kulia ikalalamika siku mbili mfululizo. Akaelewa kwamba mwili uliozoea kupinda miaka karibu arobaini haunyooki kwa amri. Akapunguza unene wa kidole kimoja. Cha tatu kikakaa.

Siku hiyo alisimama mbele ya kioo cha kabati chumbani. Mabega yalikuwa sawa, au karibu sawa. Alijitazama kwa muda kama anayemtazama ndugu aliyepotea kitambo, kisha akamwita mkewe. Mwalimu akaja na povu la sabuni mikononi, akasimama ubavuni mwake, akatazama kwenye kioo.

"Kumbe umenizidi urefu," alisema.

"Sikujua."

"Mimi pia sikujua." Akafuta mikono kwenye gauni taratibu. "Twende lini?"

Walikwenda Jumamosi, asubuhi jua halijakaza. Mlinzi wa geti la msitu, mzee mwenye koti la mvua hata kukiwa na kiangazi, alipomwona Mwalimu alinyoosha kidole kwenye benchi kwa mazoea.

"Mwalimu, kiti chako kile pale."

"Leo kipumzike."

Mlinzi ndipo akamwona aliye nyuma yake. "Fundi. Leo umewaletea watu viatu vyao huku huku?"

"Leo nimeleta miguu," Fundi akasema.

Mwanzo wa njia ulikuwa rahisi, na Fundi aliupanda kwa furaha ya mtu anayekutana uso kwa uso na rafiki wa kwenye barua. Matope mekundu aliyatambua. Aliziona na changarawe za kijivu ambazo kwa miaka mingi alizichokoa kwa bisibisi kutoka kwenye soli za watu. Kiatu cha kushoto kilikwenda kama kilivyoagizwa. Daraja la mbao lilitikisika, akashika kulia, akavuka.

Baada ya daraja zikaanza ngazi za mawe, na furaha ikapungua. Ngazi zenyewe hazikulingana, moja ya kufika kwenye kifundo, inayofuata ya kufika gotini, kana kwamba aliyezipanga alikuwa amegombana na mkewe. Kila hatua kumi Fundi alisimama. Paja lililovunjika zamani likaanza kutetemeka, na jasho likamwingia machoni. Mwalimu alipanda ngazi moja nyuma yake, hamshiki, hamwachi.

Kundi la vijana liliwapita. Msichana mwenye kofia nyekundu akapunguza mwendo, macho yamekwama kwenye kile kiatu. Fundi aliliona jicho hilo. Ndilo lile alilolikwepa maisha yake yote.

"Shikamoo. Samahani, hicho kiatu umekipata wapi?"

"Marahaba. Nimekitengeneza."

"Mama yangu ana mguu mmoja mfupi. Madukani hatupati, anatembea na kitambaa ameshindilia ndani ya kiatu." Msichana akachuchumaa bila hata kuomba ruhusa, akautazama mshono. "Ukimshonea mtu mwingine, kinawezekana?"

"Mlete," Fundi akasema, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe kwa ukubwa. "Mtaa wa soko la nguo, uliza Kigoda. Asije na kitambaa."

Msichana alishukuru akawakimbilia wenzake. Fundi akapanda ngazi ishirini bila kusimama. Ya ishirini na moja ikamwangusha, na kisa chenyewe ni cha aibu kukisimulia. Kiatu cha kushoto, kipya, kilikuwa imara kama siku kilipozaliwa. Kilichokufa ni cha kulia. Hicho kilikuwa kiatu chake cha siku zote, ambacho hakuwa amekigeuza kukitazama kwa miaka sita, na sasa soli yake ilikuwa imeachama kuanzia ncha hadi katikati kama mdomo wa mamba.

Aliketi kwenye jiwe akisugua kiganja kilichochubuka. "Haya, mchekee fundi wako," alisema. "Tumefika hapa, turudi. Siwezi kupanda na mdomo wazi mguuni."

Mwalimu hakucheka. Alifungua mkoba wake, akatoa sindano nene, uzi wa nailoni uliozungushwa kwenye kijiti, na kipande cha nta.

"Umevipata wapi?"

"Kwenye kopo lako. Nimeishi na fundi miaka ishirini na tisa, kiatu cha fundi nakijua."

Fundi akapokea sindano, lakini alikuwa amechoka. Mara tatu uzi ulikosa tundu. Mara ya nne Mwalimu akamnyang'anya vyote, akachukua na kiatu, akakibana katikati ya magoti kama alivyomwona mumewe akifanya kila siku ya Mungu, akachoma mshono wa kwanza.

"Vuta zaidi," Fundi akasema.

"Navuta."

"Huo wa tatu umekwenda kombo. Mshono wako unatembea kama ng'ombe mlevi."

"Mteja hukaa kimya akishonewa. Kuna tangazo dukani kwako limeandikwa hivyo."

"Lile ni la wateja wakorofi."

"Ndiyo maana nakusomea."

Fundi akatii. Alimtazama mkewe akishona, ulimi ameung'ata pembeni mwa mdomo, miwani imeteremka puani, watu wanapita juu na chini wakiwasalimu. Mishono kumi na minne, hakuna hata miwili iliyofanana. Mwalimu akakata uzi kwa meno, akamvalisha kiatu, akafunga kamba kwa fundo la mara mbili kama alivyowafungia watoto wa darasa la tatu.

"Kanyaga."

Akakanyaga. Kilishika.

Jiwe jeusi, lile alilowaonya wageni miaka yote kuwa lina roho mbaya, lilikuwa na ukubwa wa mkate. Fundi alilitazama akakumbuka watu wote aliowatisha. Akalizunguka hata hivyo. Heshima ni kitu cha bure. Kuanzia hapo njia ikawa ya utelezi, na waliimaliza kwa kushikana mikono, yeye akitafuta pa kukanyaga kwa meno ya tairi, Mwalimu akifuata alipokanyaga yeye. Sauti ya maji ilikuwa imeanza zamani kama mvua ya mbali. Sasa ikawa haina upande, iko kila mahali. Upepo wa baridi ukawapiga uso, wenye rasharasha, ingawa miti ya nyuma yao haikutikisika hata jani. Wakapinda kona ya mwisho.

Maji yalikuwa yakishuka kutoka ukingo uliokuwa juu sana hata ilibidi Fundi ashike kofia ili atazame. Watu walikuwa wamemsimulia urefu, weupe na kelele. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ukichagua fungu moja la maji kule juu na kulifuata kwa macho, linashuka polepole, kama kitu kinachoteremshwa kwa uangalifu, mpaka linapogota mwambani na kuwa moshi. Wala hakuna aliyemwambia kwamba ardhi yenyewe huvuma. Aliisikia kwa nyayo, kwenye soli zote mbili, nene na nyembamba, ikipanda mpaka kwenye meno.

Dakika arobaini na tano za watoto wa shule wao walizitumia saa mbili na robo. Fundi Kigoda alisimama pale, kofia mkononi, maji yakimtiririka usoni, na mengine hayakutoka kwenye maporomoko. Alikuwa amefika, kwa kiatu chake.

Mwalimu akasema kitu. Hakikusikika. Akamvuta sikio, akapaza sauti.

"Nasema, tuvue viatu."

Chini ya maporomoko kulikuwa na bwawa la maji maangavu, na watu wapatao ishirini walikuwa wakiogelea au wamekaa kwenye mawe. Fundi alisita. Kisha akaketi, akafungua kamba, akavua kile kiatu kilichomla wiki tatu, akakunja suruali hadi juu ya goti. Mguu ukatoka juani, mwembamba, na kovu lake refu linaloanza pajani. Akangoja macho ya watu. Hayakuja. Ni nani ambaye angetazama mguu wa fundi viatu, mbele ya maji kama yale? Hata yule msichana wa kofia nyekundu alimpungia mkono tu, akapiga mbizi.

Wakaingia hadi magotini. Maji yalikuwa ya baridi kiasi kwamba Mwalimu, mama wa mabinti wawili, mstaafu mwenye heshima zake, alipiga ukelele wa mtoto wa darasa la kwanza. Fundi akamrushia maji. Naye akarusha. Hawakuwa wamefanya hivyo hata siku za uchumba.

Ukipanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, na ngoma hiyo waliicheza mchana kutwa. Penye ngazi za magotini Fundi alishuka kwa kukalia makalio, bila kuona haya, akiwaambia waliokuwa wakipanda, "Bado kidogo, msikate tamaa," kwa mamlaka ya mtu aliyetoka huko.

Asubuhi iliyofuata hakuweza kushuka kitandani. Kila msuli alioujua ulimuuma, na mingine ambayo hakujua kuwa anayo ilijitambulisha. Dada yake aliingia na mafuta ya kuchua, akamkanda mapaja bila huruma huku akitaka asimuliwe kila kona, akarudia mara mbili kuuliza kama kweli kiatu hakikuteleza. Kisha akaenda zake kuwatangazia majirani.

Mwalimu ndiye aliyefungua mlango wa mbele. Wateja walikuja kuulizia viatu vyao, na kutoka kitandani Fundi alimsikia akiwaambia kwamba leo hakuna kazi, fundi amepumzika, jana alipanda maporomokoni. "Fundi yupi?" waliuliza, na Mwalimu akaanza mwanzo. Kwa mteja wa kwanza ngazi zilikuwa nyingi. Kwa wa tatu zilikuwa hazihesabiki, na soli ya kulia ilikuwa imekatika vipande viwili ikatumbukia bondeni.

Fundi alilala akitazama dari, akisikiliza sauti ya mkewe kupitia ukuta.

"Mwalimu," akaita, "usisahau ule upepo."

"Tulia," ikajibu sauti kutoka chumba cha mbele. "Kwenye upepo sijafika."